Gundi ya Muhogo

Harufu ya muhogo uliolowekwa naijua tangu sijaanza kutambaa. Mama yangu aliuloweka kwenye mtungi nyuma ya jiko, siku tatu au nne, mpaka ukalainika na povu jeupe likaelea juu. Mtu wa kwetu hazibi pua kwa harufu hiyo, kwa sababu inamwambia kwamba chakula kipo. Lakini chukua harufu hiyo hiyo, uifungie ndani ya bati pamoja na mkojo wa panya, uipulizie baridi, halafu uiteremshe juu ya mto wa mtu aliyelala. Hiyo ndiyo harufu ninayotaka kuisimulia, na sitamlaumu msomaji akiniacha njiani. Niliitengeneza mimi.

Mimi ni fundi bati. Nilisoma mpaka kidato cha nne, kisha nikachukuliwa katika karakana ya mgodi huko mlimani, chini ya msimamizi aliyetengeneza mifereji ya kuwapelekea hewa watu waliofanya kazi ardhini. Vipande vya bati tulivifunga kwa ribiti, na kila kiungo tukakizungushia utepe wa turubai uliopakwa gundi ili hewa isivuje. Gundi ya makopo ilipoadimika, msimamizi alitufundisha kupika yetu kwa unga wa muhogo. Unasonga kama unavyosonga bundu, ugali wetu wa muhogo, ila maji yawe mengi zaidi. Ikikauka inakuwa ngumu kama kwato. Kabla ya kuiepua, alitupia konzi moja ya mrututu, ile sumu ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wanaijua, na gundi yote ikageuka rangi. "Msipotia hii," alisema, "mmewapikia panya."

Ningependa kuandika kwamba baadaye niliyasahau maneno hayo. Si kweli. Siku yalipohitajika niliyakumbuka vizuri, nikayapuuza.

Siku hiyo ilikuwa katika nyumba ya mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amehamishia biashara yake ya vitenge Kasese kwa sababu ya vita, na alikuwa amejenga nyumba kubwa kwenye mteremko, juu kidogo ya mji. Anayeijua Kasese anajua joto lake. Saa nane mchana hata kuku wanaacha kuparua. Mama huyo hakutaka mashine za baridi za kubandikwa ukutani.

"Papa fundi," aliniambia, "ile masanduku ya ku ukuta mi sitaki. Ku Dubai niliingia mu nyumba moja, baridi inatoka mu plafo, kule juu ya kichwa, hauoni hata mashine. Ni ile mi nataka."

Mashine moja kubwa ililetwa ndani ya kontena pamoja na mzigo wake. Mifereji haikuletwa. Mjini hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kukunja mfereji wa hewa, basi nikaitwa, nami nikaja nimenyoosha shingo kama bwana harusi. Nilikata, nikakunja, nikapandisha darini mfereji mkuu na matawi yake, moja kwa kila chumba, na kila tawi likaishia kwenye wavu mdogo mweupe. Viungo vyote vilikuwa ishirini na kimoja. Kazi ya bati ilikuwa safi. Hilo nalisema mpaka leo.

Ikabaki kazi ya kuziba viungo. Dawa ya kuzibia inaagizwa Kampala, na ingechukua siku. Nikamwambia mwenye nyumba kwamba nina gundi yangu, ya mgodini, bora kuliko ya dukani. Nikaenda jikoni kwa mpishi.

Mpishi alikuwa mjane aliyekimbia mauaji upande wa Beni na mwanawe mmoja wa kike, akapata hifadhi ya kazi katika nyumba ile. Nilikuwa sijaona mtu msafi kama yeye. Alikuwa na kitambaa cha vyombo, kitambaa cha meza, kitambaa cha mikono, na ole wako uvichanganye. Alinipikia gundi yangu bila kuuliza neno, akaisonga kwa mwiko mpaka ikang'aa, na ilipokuwa tayari akaichungulia sana.

"Papa, hii fufu yako ya ku bati, panya hazitaikula?"

"Panya wa Kasese wana shughuli zao, binti yangu. Hawapandi kwa matajiri."

"Panya haijui tajiri. Ku kwetu ilikula sabuni. Ilikula katekisimu."

Nikacheka sana, naye akacheka, lakini aliendelea kuitazama ile sufuria.

Mrututu ulikuwa unauzwa duka la dawa za mimea, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Jua lilikuwa kali na goti lilikuwa linaniuma. Tena sumu haitiwi kwenye sufuria ya chakula, kwa hiyo ningelazimika kutafuta sufuria nyingine na kupika upya. Nikajiambia kwamba dari ni mpya, imefungwa, panya atatoka wapi? Nikaipandisha gundi jinsi ilivyokuwa, chakula kitupu, nikaipaka kwenye viungo vyote ishirini na kimoja. Watu wa kwetu tumeiamini bundu mno. Tunaamini inaweza kujenga mwili, kuziba ufa na kutuliza mgeni.

Miezi ya kwanza nilikuwa mfalme. Wageni waliletwa waje wasimame chini ya wavu na kuinua uso. Kila baada ya miezi mitatu nilikuja kuosha chujio, kufuta sinia la maji lililo chini ya mashine na kuzibua bomba lake, kisha nikanywa chai na chapati za mpishi. Darini sikupanda kukagua viungo. Kulikuwa na joto kule, na chai ilikuwa chini.

Harufu ilianza pale mvua zilipokatika. Mwanzoni ilikuwa ya uchachu tu, kama ya mtungi wa mama yangu, na ilikuja mashine ikiwaka na kupungua ikizimwa. Baadaye ikanenepa. Ukiingia sebuleni ilikukaa kwenye ulimi. Mwenye nyumba alinunua manukato ya kupulizia, na manukato yakaifanya iwe mbaya zaidi, kama mtu aliyejipaka marashi juu ya kidonda. Alibadilisha mapazia. Mpishi alisugua sakafu mara mbili kwa siku, akaanika magodoro, akamwaga maji ya moto kwenye kila shimo la maji machafu. Haikuondoka.

Siku moja mwenye nyumba aliniita sebuleni. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi.

"Papa fundi, mi nakuuliza kama mutu mukubwa. Hii harufu inatoka mu tuyau yako?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Sijui, ngoja nipande nitazame." Maneno machache tu. Lakini wiki ile mmiliki mmoja wa nyumba ya wageni alikuwa amenifuata nimfanyie kazi kama ile, na tayari nilikuwa nimejigamba kwake.

"Mifereji yangu ni safi, mama," nilisema. "Bati halinuki. Harufu hii ni ya muhogo. Angalia upande wa jikoni."

Nilisema hivyo mpishi akiwa amesimama pale.  Aliniangalia tu, kama mtu anayengoja umalizie mzaha wako.

Kesho yake dhamiri haikunituma, uoga ndio ulionituma. Niliogopa kwamba wataita mtu mwingine apande kabla yangu. Nikaja na ngazi asubuhi, nikasema nakuja kuosha chujio, nikapanda darini kwa tumbo huku tambara limefunga pua.

Kiungo cha kwanza, palipoachana njia ya sebule na ya vyumba, utepe wa turubai ulikuwa unaning'inia. Gundi ilikuwa imetafunwa, alama za meno zimejipanga kama kwenye gunzi la mahindi. Pale ilipotafunwa baridi ilivuja, baridi ikaleta jasho juu ya bati, jasho likailowesha gundi iliyobaki, nayo ikavimba, ikachacha, ikaota manyoya ya kijivu. Niliigusa ikanifuata kidoleni kama kamasi. Nikafungua ribiti nne, nikaingiza tochi.

Panya walikuwa wamejenga kabisa. Waliichambua pamba ya kioo iliyotandazwa darini kuzuia joto, wakachanganya na maganda ya mpunga kutoka magunia ya mashamba ya Mubuku yaliyokuwa stoo, na kipande cha kitenge cha biashara ya mama. Katikati ya tandiko hilo kulikuwa na watoto wekundu wasio na macho, wakijinyonganyonga. Karibu nao alilala panya mkubwa aliyekufa siku nyingi, upande wa juu umekauka kwa upepo na upande wa chini umeyeyuka ukashikana na bati. Mende waliutoroka mwanga wa tochi kwa kuingia kwenye mkono wa shati langu. Mkojo ulikuwa umechora njia ya rangi ya chai kwenye sakafu ya mfereji, na upepo wote wa nyumba ile, ule walioinulia nyuso wageni, ulikuwa unapita juu ya vitu hivyo. Nilitapika ndani ya kofia yangu. Halafu nikamshika yule mfu mkiani, nikamvuta, na akatoka nusu.

Ni wakati huo nilipoisikia sauti. Mfereji wa bati hupeleka sauti vizuri kuliko simu. Mwenye nyumba na mpishi walikuwa sebuleni chini ya wavu, na maneno yao yalinijia usoni pamoja na uvundo.

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mama, naapa, mu nyumba silowekake muhogo. Naloweka kule inje, nyuma ya muti. Uende uone."

"Hata fundi amesema."

"Fundi amekosea, Mama."

"Basi kama haiko muhogo, ni weye. Ni mwili yako inanuka. Batu wananiambia tangu zamani, mi nakataa."

 Mpishi akauliza kwa sauti ndogo sana, kama anayeuliza njia:

"Ni mi nanuka, Mama?"

"Ni weye."

"Niko naoga asubuhi. Niko naoga mangaribi."

"Sasa uende uoge ku kwenu. Funga vitu yako, na mutoto."

Mdomo wangu ulikuwa mbali na tundu nililofungua kwenye mfereji kiasi cha shubiri moja. Ningekohoa tu, wangenisikia. Ningesema "Mama, ngoja," sauti yangu ingeshuka kutoka darini na mambo yangeishia pale. Ushahidi nilikuwa nimeushika mkiani. Nilinyamaza. Nilizuia hata pumzi, nikilaza kichwa juu ya bati, mpaka niliposikia mlango wa nyuma ukifungwa na mtoto akiuliza mama yake wanakwenda wapi.

Baada ya hapo nikafanya kazi kwa bidii ambayo sikuwahi kuifanya siku za haki. Nikakwangua viungo kumi na tisa, nikaziba kwa dawa halisi niliyoitafuta baadaye mpaka nikaipata. Viwili vya mwisho, vilivyo juu ya chumba cha mwenye nyumba, vilikuwa pembeni ambako dari inashuka na mtu hapiti ila kwa kujikunja. Kwa tochi vilionekana havijachacha sana, nikaviacha. Uchafu niliushusha ndani ya gunia la mchele, na mwenye nyumba aliponiuliza kuna nini, nikasema, "Vumbi, mama. Vumbi kidogo." Alinipa chai, aliyoipika mwenyewe. Nilikunywa. Nikinawa mikono nilikuwa bado naona manyoya ya kijivu chini ya kucha.

Siku nne baadaye alinipigia simu akicheka.

"Papa fundi! Mutu ameenda, na harufu imeenda! Unaona?"

Hapo ndipo uchafu wangu ulipokamilika. Kwa kusafisha kimya kimya nilikuwa nimemthibitishia kwamba mpishi ndiye aliyekuwa akinuka. Na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kukaa na habari. Watu wa Beni na Butembo waliopo Kasese wanajuana, wanasali pamoja, wanapashana nani anafaa na nani hafai. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa dukani nikinunua misumari, nikasikia wanawake wawili wakisimuliana juu ya mpishi fulani aliyekuja kuomba kazi, akakataliwa mlangoni. "Ni ule wa harufu," mmoja alisema, na mwenzake akapunga mkono mbele ya pua. Nilihesabu misumari yangu mara ya pili. 

Ulipita mwaka na zaidi. Nilikuwa naendelea kuosha chujio la nyumba ile, na kila nilipoingia nilivuta hewa kwanza, kama mwizi anayesikiliza. Ndipo mwoka mikate mmoja wa Bwera akaniita nikamtazamie bomba la moshi. Nilipanda gari asubuhi, tukapita Muhokya, tukashuka tambarare na kupanda tena, na nilifika siku ya soko. Mpaka upo hapo chini, watu wa pande zote mbili wanamiminika, na lugha zinapigana vikumbo. Nilipomaliza kwa mwoka mikate nilipita sokoni kununua sabuni.

Muuza sabuni alikuwa yule mpishi. Alikuwa amepanga miche ya buluu na myeupe juu ya meza, imenyooka kama matofali.

"Papa fundi!" alisema, na uso ukafunguka kwa furaha ya kweli. Alitaka kunipa mkono. Kabla hajautoa aliupitisha haraka karibu na pua yake, kiganja kisha kifundo, akaridhika, ndipo akanipa.

"Umeanza biashara," nilisema.

"Ndiyo. Nani atasema muuza sabuni ananuka?" Alicheka, lakini alinichunguza kuona kama nami nacheka. Kisha akainama juu ya meza. "Papa, acha nikuulize, juu weye ni mutu ya hewa. Mutu anaweza kunuka, na mwenyewe asijue? Hata mutoto yake asijue?"

Sikuwa nimepanga kusema. Sitajisifu kwa jambo hilo. Nilikuwa nimepanga kununua sabuni na kwenda zangu, lakini mtu akikuuliza swali kama hilo kwa adabu, huku mkono wake bado umo ndani ya wako, unasema au unageuka kuwa kitu kingine kabisa, si mtu.

"Hukunuka," nilisema. "Walikuwa panya."

"Panya?"

"Kwenye mifereji. Walikula gundi yangu, wakazaa mle, wakafia mle. Siku uliyofukuzwa nilikuwa darini. Nilikuwa nimeshika mmoja mkononi. Nilisikia kila neno."

Aliuondoa mkono wake polepole.

"Nilikuambia," alisema. "Ku sufuria. Nilikuambia, panya hazitaikula?"

"Uliniambia."

"Na ukacheka."

"Nilicheka."

Mnunuzi alikuja akauliza mche wa buluu. Akamuuzia, akamrudishia chenji, akamtakia safari njema. Halafu akanigeukia na sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mwaka muzima niko najinusa, Papa. Nimeacha muhogo, hata harufu yake siwezi. Ku misa niko nakaa benchi ya mwisho, peke yangu, nisisumbue batu. Siku moja nikamuuliza mutoto yangu, mama yako ananuka? Akasema hapana. Nikamupiga. Nilizani ananidanganya juu ananipenda."

Nikaanza kusema nisamehe. Aliinua kiganja.

"Samahani yako mi niipeleke wapi? Haikunuka hapa. Ilinuka kule. Uende uiseme kule. Na usiseme tu, ile mama haamini midomo. Umuonyeshe."

"Nitamwonyesha."

"Utamuonyesha nini, na ulisafisha?"

Nikamwambia juu ya vile viungo viwili nilivyoviacha kwa uvivu. Kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama kwa kinyaa kilicho wazi, kinyaa ambacho yeye alitazamwa nacho mwaka mzima.

"Mungu ni mukubwa," alisema. "Hata uvivu yako iko na kazi."

Kesho yake nilisimamisha ngazi chumbani kwa mwenye nyumba, chini ya mlango wa dari, kando ya kitanda chake chenye mashuka ya maua. Nilimwomba apande nyuma yangu. Alikataa, akanitania kwamba uzee umenipanda kichwani, lakini aliona uso wangu akajifunga kitenge vizuri akapanda mpaka kichwa na mabega vikaingia darini. Nikajikunja pembeni, nikafungua kiungo cha kwanza kati ya vile viwili.

Harufu ndogo ambayo alikuwa ameshaizoea usingizini ilitoka kwa nguvu, na sikuwa na haja ya kueleza. Gundi ilikuwa imekuwa tope jeusi, na katika tope kulikuwa na mifupa midogo na mkia mzima. Mavi ya panya yalikuwa yamejaa kwenye mkunjo wa bati kama mbegu kwenye kibuyu. Kitu kilicho hai kilikimbia kuelekea kwenye wavu, ule ulio juu ya mto wake, na sote wawili tukasikia kucha zake juu ya bati.

Alishuka bila kugusa ngazi vizuri. Nilimsikia akitapika kwenye beseni. Niliposhuka alikuwa amekaa sakafuni, si kitandani.

"Nimelala chini ya ile?"

"Ndiyo, mama. Na mwaka jana ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa nyumba nzima. Nilijua siku ile ile uliyomfukuza mpishi."

"Ukakunywa chai yangu."

"Nilikunywa."

Alijifuta mdomo. Nilingoja matusi, na matusi yakaja, ya Kiswahili na ya Kinande, na ninazijua lugha zote mbili. Lakini yalikatika katikati.

"Mi nilisema ku batu wote," alisema. "Ku soko, ku misa. Nilisema ni mwili yake. Sikupanda kutazama. Ngazi ilikuwa hapo." Akajishika kitanda, akasimama. "Siku ya Mungu utakuja ku kanisa yetu. Mi si wa kusema peke yangu uchafu yako. Utasema ya kwako, nitasema ya kwangu."

Mimi si wa kanisa lao, lakini nilikwenda. Baada ya misa wanawake wa jumuiya yao hukaa kwenye kibaraza na mabenchi yao. Nilisimama mbele yao na kopo la rangi mkononi, ndani yake kipande cha utepe chenye alama za meno. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya shuleni, yakanipotea. Nikasema tu kwamba harufu ya nyumba ile ilikuwa ya panya, panya walifuata gundi yangu ya muhogo, niliambiwa na mpishi mapema nikamcheka, kisha nikanyamaza akifukuzwa kwa kosa langu. Nikalipitisha kopo. Waliochungulia walirudisha vichwa nyuma haraka.

"Papa, ulijengea panya hoteli!" mmoja alipaza sauti.

"Na chakula juu!"

"Na baridi kama ya Dubai!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na ilinibidi nisimame pale, mzee mwenye mvi, wanicheke. Ilikuwa haki yao. Mpishi alikuwa amekuja kutoka Bwera, kwa maana nilikuwa nimemtumia habari. Alikaa benchi la mwisho, mwishoni kabisa, nafasi ya watu wawili ikiwa wazi kati yake na jirani. Yeye hakucheka.

Mwenye nyumba alisimama, kicheko kikafa. "Huyu mama hakunuka," alisema. "Ni nyumba yangu ilinuka. Na mudomo yangu." Halafu akatembea mpaka benchi la mwisho, mwanamke mnene yule, akajikamua akaketi karibu naye kabisa, bega kwa bega, na watu wote wakaona.

Alimwomba arudi kazini. Yule alikataa. "Niko na sabuni yangu," alisema, bila ubaya. Wanawake watatu siku ile ile walimwagiza sabuni ya nyumba zao, na najua mpaka sasa anawaletea.

Mimi nilivua viungo vyote ishirini na kimoja, hata vilivyokuwa vizima, nikaziba upya kwa dawa ya kopo, na mwenye nyumba akapanda kukagua kila kimoja mwenyewe kwa tochi yake. Nilipomaliza alinifungulia lango, akasema kwaheri, na sijaitwa tena. Nyumba ya wageni nayo ikatafuta mtu mwingine. Mjini nikipita na mkasi wangu wa bati, hakosekani mtu wa kuuliza panya wangu hawajambo. Najibu kwamba hawajambo.

Juzi nilikwenda tena Bwera, nikapita kwenye meza yake. Alikuwa amenenepa kidogo, na binti yake alikuwa akifanya hesabu za shule kando yake. Alinyoosha mkono kunisalimia, na njiani mkono ukapita puani kwake, kiganja, kisha kifundo. Aliona kwamba nimeona.

"Ni mazoea, Papa," alisema. "Najua sinuki. Ni mukono tu haijajua."

Binti aliinua macho kutoka kwenye daftari, akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Hakunisalimia, na mama yake hakumwambia anisalimie.